Wageni Ndani ya Bakteria: Vipande vya Urithi Vihamavyo na Spora za Kimeta

Tunduma ni mji uliokaa juu ya mpaka. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mbeya na Vwawa, ikavuka hapo kuingia Nakonde katika Zambia, na reli ya TAZARA hupita kando yake. Tangu mwaka 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha kukagua watu na mizigo, na kila kinachopita huulizwa hati: shehena, abiria, mazao, mifugo, nyama na ngozi. Wapo hata hivyo wasafiri wasioulizwa hati. Mmojawapo ni bakteria wa ugonjwa wa kimeta, ambaye huweza kusafiri ndani ya nyama na ngozi akiwa amelala. Na ndani ya bakteria huyo wamo wasafiri wengine, wadogo kuliko yeye, wenye sauti kubwa katika kuamua ni lini alale na ni lini asilale. Makala haya yanawahusu hao.

Kaskazini ya Tunduma na Vwawa nchi huteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambako mto Momba humwaga maji yake. Huko kuna malisho mapana, kuna ng'ombe wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma na kwingineko katika miongo iliyopita, na ziwani kuna viboko na mamba. Katika nchi ya namna hiyo, ng'ombe anapokufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au nyuma, na mwili wake ukavimba upesi bila kukakamaa kama ilivyo kawaida, bwana mifugo hutoa amri moja kabla ya nyingine zote: mzoga usipasuliwe. Amri hiyo ni ngumu kwa mwenye ng'ombe. Mnyama mmoja ni karo ya mtoto, ni jembe la kukokota, ni akiba ya mwaka wa njaa. Nyama yake ingeliwa na ngozi yake ingeuzwa. Mtu anayeambiwa aitie moto mali yake anastahili kuelezwa sababu. Sababu ipo, na sehemu yake kubwa imefahamika katika miaka arobaini tu iliyopita.

Yaliyotokea Chama

Kusini-mashariki ya Tunduma, kwenye mpaka wa Zambia na Malawi, iko milima ya Mafinga. Katika eneo hilo ndiko linakoanzia bonde la mto Luangwa, ambao huteremka kupitia wilaya ya Chama. Mwaka 2011 viboko 85 walikufa huko kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa kimeta. Muda si mrefu watu 511 waliorodheshwa kuwa wameugua, na watano kati yao walifariki. Wachunguzi walipopita nyumba kwa nyumba, asilimia 84 ya watu 284 waliohojiwa walisema walikuwa wamekula nyama ya kiboko kabla ya ugonjwa kuzuka. Kula, kubeba na kutayarisha nyama, yote matatu yalionekana kuambatana na ugonjwa.

Chama si mahali pa pekee. Swala pala wa Hifadhi ya Ziwa Manyara walikufa kwa wingi kwa kimeta mwaka 1984. Katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, viboko zaidi ya mia mbili walikufa mwaka 2004 na 2005. Mwaka 2023 kimeta kilianzia wilaya ya Sinazongwe, kusini ya Zambia, na kabla ya mwezi Novemba kwisha watu walioshukiwa kuugua walikuwa wamepatikana katika majimbo tisa kati ya kumi ya nchi hiyo. Ni jambo la kutazamwa kwa makini na kila aishiye kando ya barabara itokayo huko.

Spora ni nini?

Bakteria wa kimeta, ambaye jina lake la kitaalamu ni Bacillus anthracis, ana umbo la kijiti. Akiwa ndani ya damu ya mnyama hujigawa na kujigawa tena, hata siku ya kifo cha mnyama mililita moja ya damu huweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni kumi. Lakini katika hali hiyo ya kukua yeye ni dhaifu. Jua humwua, joto la kuchemsha humwua, hata bakteria wa kawaida waozeshao nyama humshinda.

Nguvu yake iko katika uwezo wa kuacha kukua. Chakula kinapopungua na hewa inapopatikana, bakteria hujigawa kwa namna isiyo ya kawaida: ukuta haujengwi katikati bali karibu na ncha moja, hivyo hupatikana chumba kidogo na chumba kikubwa. Chumba kikubwa, kiitwacho seli mama, hukimeza kile kidogo, kisha hukivika tabaka baada ya tabaka. Maji hutolewa ndani yake, na mahali pake huingia kalsiamu iliyofungamana na asidi iitwayo dipikoliniki. Baada ya saa kadhaa seli mama hupasuka na kufa, na kilichobaki ni punje ngumu isiyokula, isiyopumua kwa kiasi kinachopimika, na isiyozeeka upesi. Hiyo ndiyo spora. Katika udongo wenye kalsiamu nyingi na usio na uchachu, spora za kimeta huweza kukaa makumi ya miaka zikingoja ng'ombe alishe hapo. Kisiwa cha Gruinard, Uskoti, ambako Waingereza walijaribu silaha ya kimeta mwaka 1942, kilikatazwa kukanyagwa hadi udongo wake uliposafishwa kwa dawa mwaka 1986. Kilitangazwa kuwa salama mwaka 1990.

Aliyeeleza mzunguko huu kwa mara ya kwanza alikuwa Robert Koch, mwaka 1876, wakati huo akiwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Alivikuza vijiti vya kimeta katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akavitazama kwa darubini vikirefuka, vikizaa spora, na spora zikirudi kuwa vijiti. (Ni Koch huyo huyo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza maradhi ya watu na mifugo.) Alichoweza kuona Koch ni tendo lenyewe. Nani hutoa amri ya kulianza, hakuwa na njia ya kujua.

Leo inajulikana kwamba amri hiyo hupitishwa kwa mikono mingi. Juu ya utando wa bakteria kuna protini za kusikiliza, ziitwazo kinasi. Zikipokea dalili ya shida hujipachika fosfati, kisha hiyo fosfati hupokezanwa kutoka protini hadi protini, mfano wa wanariadha wapokezanao kijiti, mpaka imfikie mkimbiaji wa mwisho aitwaye Spo0A. Spo0A wengi wakishapata fosfati, kazi ya spora huanza, na baada ya hatua fulani hakuna kurudi nyuma. Seli mama itakufa kwa vyovyote. Kwa hiyo kosa la wakati ni kosa la uhai: bakteria akilala mapema mno atapoteza chakula kilichokuwapo; akichelewa atakufa kabla spora haijakamilika.

Wenye nyumba na wapangaji

Jeni za kutengeneza spora zimeandikwa katika kromosomu, yaani uzi mkubwa wa DNA ambao bakteria huurithi kutoka kwa mzazi wake. Jeni hizo ndizo wenye nyumba. Lakini ndani ya bakteria wengi mna pia DNA ya wapangaji, ambayo ilitoka kwa bakteria wengine na huweza kuhama tena. Wataalamu huiita vipande vya urithi vihamavyo.

Wapangaji hao ni wa aina tatu hasa. Plasmidi ni pete ya DNA inayoishi kando ya kromosomu na kujinakili yenyewe. Faji ni virusi vinavyoshambulia bakteria. Baadhi yao hawamwui mwenyeji mara moja bali hujipachika katika kromosomu yake na kurithishwa pamoja nayo kwa vizazi vingi. Transposoni ni kipande chenye uwezo wa kujikata na kujibandika mahali pengine. Mfano wa mpangaji una mipaka yake, kwa sababu mpangaji wa Tunduma hulipa kodi mwisho wa mwezi, na wapangaji hawa wengine hulipa, wengine huiba, na wengine hukaa muda mrefu hata ikawa vigumu kusema nyumba ni ya nani. Ila jambo moja linawahusu wote: mwenyeji akifa nao hufa, isipokuwa wamekwisha hama. Spora basi ni jambo linalowahusu sana. Kwa mpangaji aliyetulia, spora ni jahazi la kumvusha wakati wa njaa. Kwa faji anayetaka kuzaliana sasa hivi, mwenyeji aliyelala ni kiwanda kilichofungwa.

Plasmidi mbili za kimeta

Bakteria wa kimeta hubeba plasmidi mbili. Ya kwanza, pXO1, ina herufi za DNA zipatazo 182,000, na ndiyo yenye jeni za sumu. Ya pili, pXO2, ina zipatazo 95,000, na ndiyo yenye jeni za joho linalomfunika bakteria asiliwe na chembe nyeupe za damu. Plasmidi hizi haziwezi kuhama kwa nguvu zao zenyewe, lakini majaribio yamekwisha onyesha kwamba huweza kuvushwa kwa bakteria jirani kwa msaada wa plasmidi nyingine yenye uwezo huo. Pasipo plasmidi hizo, Bacillus anthracis si kitu cha kuogopwa sana. Ni ndugu mmoja miongoni mwa ndugu wengi wa udongoni.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kazi ya plasmidi hizi ni sumu na joho tu. Kumbe zimeshika pia breki ya spora.

Ndani ya pXO1 mna jeni ya protini iitwayo AtxA, ambayo ni mnyapara wa sumu na joho pia. Joto la mwili na kaboni dayoksaidi nyingi, kama iliyomo katika damu, humfanya mnyapara huyu afanye kazi kwa bidii. Mwaka 2006 maabara ya Marta Perego huko California ilieleza protini nyingine mbili, moja kutoka kila plasmidi, zinazofanana sana na ile sehemu ya kusikiliza ya kinasi ya spora. Protini hizo zina sikio lakini hazina mkono. Huipokea dalili ambayo ingeifikia kinasi, kisha haziipeleki popote. Kijiti hakipokezanwi, Spo0A hapati fosfati, na spora haianzi. Jeni za protini hizo huamshwa na AtxA. Uchunguzi wa baadaye umethibitisha kwamba AtxA akizidishwa kupita kiasi chake cha kawaida, bakteria hushindwa kabisa kutengeneza spora.

Maana yake ni kwamba ndani ya damu ya ng'ombe plasmidi husema: bado, chakula kipo, endelea kukua. Uhaba wa oksijeni katika damu ya mnyama anayekufa nao hufanya kazi hiyo hiyo, na pengine ndio wenye nguvu zaidi. Isidhaniwe kwamba plasmidi peke yake ndiyo mlinzi wa mlango. Hata hivyo mambo haya mawili huelekea upande mmoja. Mzoga ukipasuliwa na damu ikamwagika juani, kaboni dayoksaidi hupungua, oksijeni huingia, joto hushuka, na breki zote huachiliwa kwa pamoja. Kisu ndicho kitoacho ruhusa ambayo bakteria alikuwa akiingoja.

Mgeni huyu hakuingia bila gharama. Jamaa wa karibu wa kimeta, kama Bacillus cereus anayeharibu wali wa kiporo, wana protini ya kromosomu iitwayo PlcR inayoendesha makumi ya jeni za vimeng'enya. Katika Bacillus anthracis jeni ya PlcR imevunjika. Ina alama ya kusimama mahali pasipostahili. Kwa nini? Mwaka 2001 Mignot na wenzake, wa Ufaransa, walimrudishia bakteria wa kimeta PlcR iliyo nzima. Ilipokutana na AtxA ndani ya seli moja, utengenezaji wa spora uliharibika vibaya. Maelezo waliyotoa ni kwamba mnyapara wa nyumbani na mnyapara mgeni hawakuweza kukaa pamoja, na kwa kuwa bakteria asiye na spora hana maisha nje ya mnyama, aliyeondoka ni yule wa nyumbani. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, na ushahidi wake ni mzuri, basi kimeta kama kinavyojulikana leo ni bakteria aliyekubali kuvunja sehemu ya urithi wake ili ampe mgeni nafasi.

Chanjo zilizotangulia maelezo

Louis Pasteur alipotangaza njia yake ya kudhoofisha kimeta mwaka 1881, alieleza kwamba alikuwa amewakuza bakteria katika joto la nyuzi 42 hadi 43 za sentigredi. Alichagua joto hilo kwa sababu aliona kwamba humo vijiti hukua bila kutengeneza spora. Alihofu kwamba spora zingehifadhi ukali wa ugonjwa. (Daftari zake, zilizochunguzwa zaidi ya miaka mia baadaye, zinaonyesha kwamba chanjo iliyotumika katika onyesho mashuhuri la Pouilly-le-Fort ilidhoofishwa kwa dawa ya kemikali, lakini hilo ni suala la uaminifu wa Pasteur, si la bakteria.) Kwa nini joto humdhoofisha bakteria halikufahamika hadi mwaka 1983, wataalamu wa Marekani walipoonyesha kwamba bakteria akikuzwa tena na tena katika nyuzi 42.5 huipoteza plasmidi pXO1. Mpangaji hufukuzwa na joto, naye huondoka na sumu yake.

Chanjo ya mifugo iliyoenea duniani leo ilizaliwa Afrika. Max Sterne, wa kituo cha Onderstepoort, Afrika Kusini, alipata mwaka 1937 aina ya bakteria wasio na joho. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba bakteria hao wameipoteza pXO2 na kubaki na pXO1: hutoa sumu kidogo ya kuufunza mwili, lakini hawawezi kujificha. Jambo la kupendeza ni kwamba chanjo ya Sterne yenyewe ni spora hai. Uwezo ule ule unaoufanya udongo kuwa hatari kwa miaka mingi ndio uwezeshao chanjo kudumu ndani ya chupa. Kinga yake hudumu kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo ng'ombe wa mahali penye historia ya kimeta huchanjwa kila mwaka, na mnyama aliyechanjwa hapewi dawa za kuua bakteria siku hizo, kwani dawa hiyo huiua chanjo.

Faji na nyungunyungu

Mwaka 1880 Pasteur alidai kwamba nyungunyungu huzipandisha spora za kimeta kutoka makaburi ya mifugo hadi juu ya malisho. Koch alimpinga kwa maneno makali, na kwa miaka mingi wengi waliliona wazo hilo kuwa hadithi. Mwaka 2009 Raymond Schuch na Vincent Fischetti, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walilifufua kwa njia ambayo hakuna hata mmoja wa wale wazee angeifikiria. Walikusanya faji kutoka udongoni na kutoka matumbo ya nyungunyungu, wakaziingiza katika bakteria wa kimeta, kisha wakatazama tabia zao. Tabia zilibadilika. Faji fulani zilizuia spora, nyingine zilihimiza. Baadhi ziliwafanya bakteria watoe utomvu wa kunata na kujenga utando wa pamoja, na waliokuwa na faji waliweza kudumu kwa muda mrefu katika udongo na tumboni mwa nyungunyungu, mahali ambapo wasio na faji hawakudumu vema.

Namna faji zinavyofanya hivyo inajulikana kwa sehemu. Katika kila bakteria kuna protini ziitwazo sigma, ambazo huielekeza mashine ya kusoma DNA ni jeni zipi zisomwe. Faji hizo huja na sigma zao. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walionyesha kwamba sigma za faji, zilizofanana na zile za spora, zikiwashwa ndani ya Bacillus subtilis hupunguza sana idadi ya spora. Ni mfano wa karani mgeni anayeketi katika kiti cha karani wa ofisi na kuandika barua kwa mhuri ule ule.

Mafunzo ya maabara yasichukuliwe kuwa ni habari kamili ya malisho ya Rukwa. Lakini yanatikisa imani moja ya zamani, kwamba kimeta udongoni hulala tu na hafanyi jambo jingine. Pengine hutegemea ana mgeni gani.

Mgeni aliyegeuka kufuli

Kisa cha ajabu kuliko vyote hakimo katika kimeta bali katika jamaa yake asiye na madhara, Bacillus subtilis, akaaye katika nyasi kavu na udongo wa kila mahali. Mwaka 1989 Patrick Stragier, Barbara Kunkel, Lee Kroos na Richard Losick walieleza kwamba jeni ya protini ya sigma-K, ambayo bila hiyo tabaka za nje za spora hazikamiliki, imekatwa vipande viwili. Kati ya vipande hivyo limekaa pande la DNA lenye herufi zipatazo 48,000, ambalo ni masalia ya faji ya kale. Bakteria anapokua huishi hivyo hivyo, jeni yake ikiwa imepasuka. Seli mama inapofika hatua ya kuihitaji sigma-K, kimeng'enya kilichoandikwa ndani ya lile pande lenyewe hulikata na kulitoa, ncha mbili za jeni huunganishwa, na sigma-K hupatikana.

Msomaji anaweza kuuliza: je, bakteria haupotezi urithi wake? Haupotezi, kwa sababu ukataji hufanyika katika seli mama tu, ambayo itakufa. DNA iliyomo ndani ya spora haiguswi, na mgeni hurithishwa mzima kwa kizazi kijacho. Hasara imewekwa kwa yule asiye na mrithi. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba faji nyingine ya bakteria huyo huyo, yenye herufi 134,000, hufanya vivyo hivyo katika jeni inayohusika na sukari za ganda la nje la spora. Na katika Clostridioides difficile, bakteria aletaye kuhara kukali hospitalini, kuna pande la namna hiyo pia. Aina zisizo nalo huweza kutengeneza spora, lakini kwa upungufu. Huenda huko mgeni hufanya kazi ya saa: huizuia sigma-K isitokee kabla ya wakati.

Jikoni

Si wapangaji wote wanaoamua wakati wa spora. Wengine huamua ugumu wake. Mwaka 2016 Erwin Berendsen na wenzake, wa Uholanzi, walitaka kujua kwa nini spora fulani za Bacillus subtilis zilizopatikana katika vyakula huvumilia joto kupita zote. Jibu lilikuwa transposoni. Ni ya jamii iitwayo Tn1546, ambayo ilikwisha julikana tangu mwaka 1993 kwa kubeba jeni za kumkinga bakteria wa aina nyingine dhidi ya dawa ya vankomisini. Hapa haikubeba kinga ya dawa. Ilibeba seti ya ziada ya jeni zihusikazo na kuingiza asidi ya dipikoliniki ndani ya spora. Kadiri nakala za seti hiyo zilivyokuwa nyingi, ndivyo spora zilivyohimili joto zaidi; na spora hizo huchelewa pia kuamka.

Bakteria hao si wauaji kama kimeta. Huharibu maziwa na vyakula vya kopo, na mkate ukakatika kwa nyuzi za kuvutika. Lakini jambo lenyewe ni zito kwa kila mpishi: kuchemsha huua bakteria wanaokua, hakuhakikishi kuua spora, na spora zenye mgeni huyo ni sugu zaidi. Chakula kilichochemshwa kisha kikaachwa kwenye joto la kawaida usiku kucha huwa shamba tupu, lililofyekwa magugu yote na kubakizwa mbegu. Nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta nayo haifanywi kuwa salama kwa sufuria, na aliyeikata amekwisha kujihatarisha kabla maji hayajachemka.

Kurudi kwenye mzoga

Mzoga usiopasuliwa huoza kwa ndani. Bakteria wa uozo humaliza oksijeni iliyobaki, na vijiti vya kimeta, visivyo na hewa ya kutengenezea spora, hufa katika siku chache. Damu inayotoka puani na nyuma ndiyo inayobaki kuwa hatari, kwa hiyo matundu hayo huzibwa kwa matambaa au pamba yenye dawa, na mbwa na fisi huzuiwa. Njia iliyo bora ni kuuchoma mzoga papo hapo hadi uwe majivu, pamoja na udongo uliolowa damu. Pasipo na kuni za kutosha hufukiwa katika shimo lenye kina cha mita mbili au zaidi, mbali na maji. Zamani ilikuwa desturi kunyunyiza chokaa juu ya mzoga. Wataalamu wengi hawaishauri tena, kwa kuwa chokaa ni kalsiamu, na kalsiamu ni rafiki wa spora. Aliyekwisha kugusa nyama na akaota uvimbe usiouma wenye kigaga cheusi aende zahanati mapema na aseme alichogusa. Kimeta cha ngozi hutibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria.

Hayo yote ni rahisi kuyaandika. Huko Chama, baada ya vifo vile, asilimia 23 ya waliohojiwa walisema kwamba wangekula tena nyama ya kiboko aliyekutwa amekufa, na wengi wao walitaja sababu moja: upungufu wa chakula. Watu hao hawakuwa wajinga wa hatari. Walikuwa wamekwisha kuiona. Amri ya kutopasua mzoga inayotolewa bila chanjo kufika kijijini kabla ya ugonjwa ni amri inayomwachia maskini gharama yote.

Uthibitisho wa ugonjwa hauhitaji kisu. Bwana mifugo, akiwa amevaa glavu, hutoboa mshipa wa sikio la mnyama na kuchukua tone moja la damu, akalipaka juu ya kipande cha kioo na kulitia rangi ya buluu ya methilini, kwa njia iliyoelezwa na M'Fadyean mwaka 1903. Chini ya darubini huonekana vijiti vya buluu vyenye ncha za mraba, vimefuatana kama mabehewa, na kila kimoja kimezungukwa na joho la rangi ya waridi. Joho hilo limefumwa kwa maagizo ya pXO2. Spora haionekani hata moja, kwa kuwa damu hiyo haijapata hewa ya kutosha. Tundu la sikio huzibwa, na mwenye ng'ombe huanza kukusanya kuni.